Pigo Moja

Wenzangu thelathini na tisa wana ngoma, marimba,
mapipa, masufuria ya pilau ya kukodi kule Keko.
Mimi nina ringi ya lori
iliyoning'inizwa kwa kamba ya katani,
na pigo moja,
kipimo cha mia nne na kumi na mbili.

Nahesabu.
Ulimi wahesabu, kidole gumba chahesabu,
jasho nalo lashuka mgongoni kwa mwendo wake.
Mtunzi, Lugendo, kaandika juu ya mstari wangu:
"Kama mlango wa duka Gerezani, saa kumi na mbili jioni."
Nilikwenda kuusikiliza, siku tatu mfululizo.
Muuza vyuma akaniuliza, "Unatafuta ringi au kazi?"

Umeme ukakatika kwenye kipimo cha mia tatu.
Hakuna aliyeacha kupiga.
Gizani misondo ilizidi kunenepa,
mtu akacheka, mtoto akalia,
jenereta la jirani likaingia bila kualikwa
na Lugendo (nilimwona kwa mwanga wa simu)
akalikaribisha kwa mkono, kana kwamba
lilikuwa limeandikwa.
Hesabu ikanitoka.

Mia tatu na themanini? Tisini?
Nikaishika nyundo. Nikausikiliza mlango.

Shangazi Mwajabu, aliyetoka Chanika kwa nauli yake,
aliniambia nje, akijifunga kitenge:
"Saa nzima umesimama kama mlinzi,
ukagonga mara moja tu."
Kisha, tukivuka barabara:
"Lakini ile moja, mwanangu,
niligeuka kutazama nani anafunga."