Mstari wa Saba: Kazi

Karani wa vitambulisho, hapa Malindi mjini,
ana feni moja, nayo inamtazama yeye tu.
Ameshaandika jina: Nyevu Thoya.
Ameshaandika mwaka, tarafa, jina la mama.
Sasa kalamu imesimama mstari wa saba.
"Kazi?"

Namwambia: magongo.
"Ya kutembelea?"
Ya kuchezea. Juu ya barafu.
Analitazama goti langu la kushoto na bandeji yake,
kisha meno mawili ya mbele, yasiyo yangu,
kisha anafunika kalamu.

Ningeanzia wapi?
Kiwandani Shela, karibu na gati,
baba gunia begani, msumeno mkononi,
akikata jiwe la barafu la kulaza changu na tewa,
nami miaka sita, pekupeku,
nimetumwa kufunga mlango baridi isitoroke?
Pale ndipo nilipoanguka mara ya kwanza.
Baba hakuniinua.
"Usishindane nayo. Kunja magoti.
Barafu humwangusha anayesimama kama mlingoti."
Makocha watatu walilipwa baadaye
kunifundisha hilohilo.

Au nianzie milimani, kaskazini mwa Italia,
mama akifua mashuka ya hoteli,
nami darasani peke yangu sijawahi kuona theluji,
peke yangu nikishangaa
mbona barafu yao hainuki samaki.

Waliniweka golini kwa kuwa hakuna aliyepataka.
Nikafungwa mito miguuni, kapu la chuma usoni,
na kile kisahani cheusi,
kigumu kama kokwa la mkoma,
kikanijia kikivuma.
Nilikidaka.
Sikujua ningeendelea kukidaka miaka kumi na minne.

Timu nne, karani. Nchi tatu.
Mkataba wa miezi minane, kila mara minane,
na ile minne iliyobaki
hakuna aliyeniuliza nakula nini.
Alfajiri nilikanda mkate kwa mwokaji mmoja mkali,
jioni nikasimama langoni na unga kwenye kucha.
Wanaume wa klabu ileile walipanda ndege.
Sisi basi, saa tisa za usiku barabarani,
vifaa vyetu vibichi kwa jasho
vikigandia dirishani.

Mgongoni waliniandika NYEVU.
Wakauliza maana yake.
Nikawaambia: kile kinachobaki sakafuni
barafu ikishakwenda zake.

Mshahara wa kwanza ulienda kwa baba.
Alinunua bati, akapiga simu:
"Wanakulipa kwa kuzuia tu? Wewe hufungi?"
Kuzuia tu, baba.
"Basi wewe ndiwe mlango wa kiwanda."
Akacheka mpaka salio likaisha.

Siku ya goti sitaisimulia.
Nitasema tu kwamba watu walinyamaza, ukumbi mzima,
na nikiwa nimelala kifudifudi
niliisikia barafu ikilia chini ya sikio langu,
kilio chembamba,
kama ilivyokuwa ikilia ndani ya gunia la baba
njia yote hadi sokoni.

Nyuma yangu foleni inakohoa.
"Niandike mwanamichezo?" anauliza karani.
Mchezo uliisha Machi.
"Mwokaji?"
Nanyamaza.
Anarudi juu ya fomu, anasoma tena, midomo ikicheza.
"Thoya. Huyu ni Thoya wa barafu?
Aliyekuwa akitugawia vipande tukitoka shule?"
Huyo.
"Alitufungia kwenye magazeti. Wino ulitubaki mashavuni."

Anafunua kalamu. Anaandika neno moja,
anakandamiza mpaka linatokea karatasi ya pili.
Nalisoma kichwa chini:
barafu.

"Kidole."
Gumba langu la kulia limevunjika mara mbili,
halilali bapa.
Analishika yeye mwenyewe, analilaza kwenye wino,
upande huu, polepole,
kisha upande huu.