Nyuzi za Kiwiko

Daktari alinishona nyuzi kumi na nne,
kisha akanifunga plasta, mkono umekunjwa
kama kona ya mlango.
Swabra akauzunguka mezani, penseli sikioni:
"Baba, hii ni pembe mraba. Nyuzi tisini kamili."
Nikamwambia nyuzi ni kumi na nne, nimezihesabu.
Alicheka hadi maziwa yakamtoka puani.

Ilikuwa Novemba, mtaa wa Selkirk, Winnipeg,
siku chache tangu paa la Bwana Kowalchuk linitupe.
Mapaa ya huku ni makali, yamechongoka kwa makusudi
ili theluji isipate pa kukaa.
Haikupata. Nami sikupata.

Wiki sita nilikuwa mraba.
Nililala mraba, nikapanda basi mraba,
abiria wakinipisha kama nimebeba fremu ya dirisha.
Kwenye rukuu mwili mzima uliafikiana na mkono,
lakini sujudu iliniacha nusu njia,
kiganja kikining'inia hewani.

Plasta ilipokatwa
mkono haukujua kwamba umeachiliwa.
Marguerite wa mazoezi ya viungo
akalaza kipimapembe juu ya kiwiko changu,
mguu mmoja ukielekea begani, wa pili kifundoni.
"Nyoosha." Mia na kumi na mbili.
"Kunja." Sabini na nne.
Akaandika. Nikaona maisha yangu yamebaki hapo katikati,
nyuzi thelathini na nane za uhuru.

Basi nikajifunza pembe kwa njaa.
Kijiko hakifiki mdomoni
mpaka kiwiko kishuke chini ya hamsini.
Ndiyo hiyo wanayoiita pembe kali,
na naapa hawakukosea jina:
inauma kwenye mshipa
kabla uji haujagusa ulimi.
Pembe butu ni ya kupeana mikono,
ya kusukuma mlango, ya kupokea chenji dukani.
Haina ukali, haina haraka.
Lakini nyundo inazitaka zote,
kutoka kali hadi karibu na nyoofu kwa pigo moja,
mara elfu kwa siku.

Swabra alibandika jedwali kwenye friji.
Kila jioni ananipima
kwa kipimapembe chake cha kijani, kilichovunjika ncha.
Mia na kumi na tisa. Mia na ishirini na sita.
Siku ya nyuzi thelathini chini ya sifuri
(nyuzi tena, Mola wangu)
tukarudi mia na ishirini na moja.
Aprili, mia na hamsini na moja.
Ikagoma hapo.
Marguerite akasema pengine ndiyo mwisho wake.

Jumamosi Lorne alinichukua kwa gari
tukaangalie kazi nje ya mji.
Shamba lilikuwa limelala nyuzi mia na themanini,
bila kilima, bila aibu,
kutoka sikio hili hadi hili.
Nikalionea wivu shamba.

Usiku Swabra akauchora mkono wangu daftarini,
akaweka kitao kidogo ndani: 151.
Kisha penseli ikazunguka nje, nyuma ya kiwiko,
ikaandika 209.
"Na hii, Baba? Imeizidi hata nyoofu.
Mwalimu ametupa jina lake la Kiingereza. Kwa Kiswahili?"
Neno lilikuwa limenitoka.
Tanga nilikaa nyuma, karibu na dirisha.
Nikampigia kaka yangu Mbaruku, fundi cherehani;
kule ni alfajiri, akakohoa, akafikiri, akasema
mwandikie pembe ya mgongoni, nani atamkatalia?
Tukaandika hivyo.
Tangu hapo, nikitazama kiwiko,
naona na ule upande mkubwa
ambao hakuna aliyeupima hospitalini.

Jumatatu Lorne aliegemeza ngazi, akaishika chini.
Nilipanda polepole. Sikuuliza nyuzi ngapi.
Msumari wa kwanza ulipinda.
Nikautia mfukoni
nimpelekee akaupime.