Deni la Chogo

Wiki ya tatu sasa, picha imelala.
Mstari mmoja mweupe katikati ya kioo,
mwembamba kama uzi wa katani,
na dunia nzima imebanwa humo:
waziri, mpira, tangazo la sabuni.
Sauti ipo. Mama anasikiliza taarifa
akiukazia macho ule uzi.
"Leo kavaa nini?" ananiuliza.
Namjibu, "Kijani."

Wifi Kibibi, aliyehamia Kange kwenye nyumba ya vigae,
anasema machogo hayo watu wanafugia kuku,
nunueni bapa, mtundike ukutani.
Mama anavuta mtandio.
"Ukuta wangu umeliwa na chumvi.
Hata msumari wa kalenda haushiki."

Basi Jumapili nimechomoa umeme,
nimeigeuza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.
Skrubu sita. Ya sita ina kutu,
imekunywa mafuta ya taa usiku kucha ndipo ikakubali.
Vumbi zito kama sufi.
Maganda mawili ya mayai ya mjusi.
Kijiti cha udi, na hakuna ajuaye kilipitia wapi.

Chogo halisahau upesi.
Chini ya kile kikombe cha mpira
umeme umejibanza, unasubiri kidole.
Mkono mmoja mfukoni, ndivyo mafundi husema,
ili moyo usiwe njia.
Bisibisi nimeifunga waya hadi kwenye bati,
naipenyeza taratibu chini ya mpira,

tak!

Mama, jikoni: "Uko hai?"
"Niko hai."
"Basi sema!"

Hapo ndipo nikayaona maandishi ya penseli
kwenye ubao, jirani na flaibeki:
S. Hiza, 14/3/98.

Jina hilo nimekua nalo kama tusi.
Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akisema
Hiza kachomoa kifaa cha asili, katia cha mtumba,
Hiza mwizi, simpi hata senti.
Na hakumpa. Elfu sita.
Nasi tukampita Hiza Barabara ya Nane
bila salamu, hata siku ya sikukuu.

Napangusa kwa mswaki mkuukuu, namulika.
Kidude cha miguu saba kimeegemea bati lake,
na namba yake ndiyo ile ile ya karatasi
iliyobandikwa kiwandani, ndani ya kifuniko.
Ni cha asili. Alichofanya Hiza ni kukilehemu upya,
matone saba safi, kama punje za mtama.
Kweli ilikaa humu gizani miaka yote
na sisi mbele yake, tukitazama tamthilia.

Mguu wa tano una pete nyeusi,
ufa mwembamba kuliko unywele.
Joto, baridi, joto, baridi; chuma nacho huchoka.
Pasi, waya wa risasi, moshi kidogo wenye harufu ya utomvu.
Kazi yenyewe haikufika dakika.

Nawasha. Uzi unatetemeka,
kisha unafunguka juu na chini, kama kanga inayokung'utwa,
na msomaji wa taarifa huyo hapo,
ila juu hapajajaa: hana paji la uso.
Na kavaa nyekundu.
Mama ananigeukia.
"Kijani," anasema.

Alasiri niko Makorora, mlango wa bati.
Hiza siku hizi anauza barafu.
Noti nimezikunja kiganjani. Elfu sita ya wakati ule
sijui leo ni ngapi; nimeweka sitini, na bado naona haya.
"Mzee, mimi ni binti wa Salehe Mbaruku..."
Hakuitikia. Alitazama vidole vyangu,
masizi ya lehemu kwenye kucha.
"Ile ya inchi ishirini na moja," akasema. "Picha imerudi?"
"Imerudi. Lakini juu inakata."
"Kapasita. Ile ya bluu, pembeni.
Nilimwambia baba yako.
Hakutaka kuongeza mia nane."