Nguzo Namba 114

Mimi ndiye niliyezishusha.
Miezi saba, mtaa kwa mtaa, Hartlepool nzima,
nikiwa ndani ya kikapu cha kreni, pua imegeuka barafu,
spana mkononi: bolti mbili, waya tatu,
na taa inanilalia kifuani
kama mtoto aliyepitiwa na usingizi garini.
Kisha naiachia.
Chini kuna kontena. Kioo hakina maneno mengi.

Halmashauri ilisema umeme utapungua nusu.
Kweli. Sikubisha, wala leo sibishi.
Hizi mpya ni nyeupe, zinaonyesha hadi ufa wa lami,
na watu walitoka na kandambili zao kuzishangaa.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Ila kila Alhamisi saa tisa alasiri
anasimama kwenye geti la bohari Norris Applegarth,
fundi umeme wa kiwanda cha chuma kisichokuwapo tena,
kofia ya sufu mkononi, kopo la biskuti kwapani.
"Ipo yoyote nzima leo?"
Anauliza kama anayemuulizia mgonjwa wodini.
Nyuma yake Ingrid Tulloch na gari lake dogo;
viti vya nyuma kaving'oa, katandika magodoro.
Magodoro! Kwa ajili ya taa.

Nilicheka. Nikawasomea sheria:
kila taa ihesabiwe, ivunjwe, ipigiwe muhuri;
ndani mna sodiamu, ikikutana na maji inalipuka moto.
"Tunajua," akasema Ingrid.
"Unadhani magodoro ni ya nini?"

Februari nikaufikia mtaa wetu wa zamani.
Nguzo 114.
Hapo nilikuwa nikimngoja mama, nina miaka tisa,
arudi zamu ya jioni, mikono inanuka samaki wa kopo.
Mwanga ule wa chungwa haukuruhusu rangi nyingine.
Koti lake jekundu likifika pale lilikuwa jeusi,
midomo myeusi, hata kitambaa cha maua
kilikuwa kitambaa cha madoa tu.
Kila usiku nilimpokea mwanamke wa kijivu,
nikamshika mkono hadi mlangoni,
na taa ya jikoni ikamrudishia wekundu wake.

Bolti mbili. Waya tatu.
Sikuiachia.
Nilishuka nayo mapajani, nimeifunika kwa jaketi langu,
na dereva akatazama pembeni, Mungu ambariki.

Jumapili wakaniita.
Banda nyuma ya nyumba, kamba ya nguo imekatiza mlangoni,
na ndani taa arobaini na kitu:
za gati la meli zilizovikwa kizimba cha waya,
za handaki, za kituo cha reli,
moja ina kiota cha ndege ndani, hawajakigusa.
114 ilikuwa juu ya meza, imepanguswa.

Norris akabonyeza swichi. Hakuna kitu.
"Subiri," akasema. "Za zamani hazikurupuki."
Kwanza waridi, hafifu, kama ufizi wa kichanga.
Kisha nyekundu. Tukanywa chai. Dakika tano, saba,
na chungwa likaanza kupanda taratibu,
mikono yangu ikapoteza damu,
ovaroli yangu ya buluu ikawa majivu,
chai yenyewe kikombeni ikawa haina rangi.
Ndani ya kioo kulikuwa na mlio, kama nyuki mmoja.
Hakuna aliyesema neno.
Nikajikuta nautazama mlango.

Jumatatu nikajaza fomu.
113: imevunjwa.
114: imevunjwa.
Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa halmashauri
katika miaka kumi na tisa ya kazi.
Wa pili ni 115.