Dawa ya Deni

Nilimwita Deni kwa kuwa alikuja badala ya deni:
elfu kumi na mbili za sare za shule
ambazo Baba Aikande hakuwa nazo.
Akaniletea ndani ya boksi la sabuni
kitu cha kahawia, kimelowa, kinanuka maziwa.
Nikasema haya, tumemalizana.
Hatukuwa tumemalizana.

Miaka minne amelala chini ya cherehani.
Nikikanyaga pedali, mkia nao unapiga sakafu.
Manyoya yake yameingia kwenye pindo za magauni
ya maharusi wangapi wa Majengo, sijui.

Mei, mvua bado imeuficha mlima,
mwenye nyumba akasimama mlangoni na mwavuli wake.
"Fundi, mbwa au chumba. Mwisho wa mwezi."

Ushauri ukaja bila kuitwa.
Muuza mkaa: mtie kwenye kiroba, mpe dereva wa fuso,
amshushe mbele ya Boma Ng'ombe,
mbwa hajui kusoma vibao.
Jirani: mtoe usiku, funga geti, atazoea.
Shemeji akataja sumu
kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Dawa ya deni kulipa, walisema waliotutangulia.
Kulipa na kutupa
huishia pamoja, hayaanzii pamoja.

Basi nikaanza na mwenyewe.
Analia usiku; analilia nini?
Siku tano nilikaa macho nikisikiliza.
Kumbe mnyororo ni mfupi na bati linamvujia,
mimi ndani, na blanketi mbili.
Nikahamisha banda. Nikabadili saa ya chakula.
Jioni tukawa tunatembea hadi relini na kurudi,
yeye akinusa kila taruma.
Akanyamaza.
Nikampelekea mwenye nyumba habari hiyo
pamoja na suruali yake niliyoipunguza bure.
Akachukua suruali.
"Mwisho wa mwezi," akasema.

Dada wa Himo angemshika nikitafuta chumba kingine,
lakini dada ana mbuzi,
na Deni ana historia na mbuzi.

Nikatangaza kwa mdomo, kwa wateja ninaowajua vipimo.
Wa kwanza ana gereji.
Alimtazama meno kabla ya macho.
Nikamuuliza, mbwa wako wa mwisho alikufaje?
Akacheka: "Yupi?"
Nikamsindikiza hadi barabarani.

Wa pili nilimwambia, kwanza nione atakapolala.
Hajarudi mpaka leo.

Eliwaha, mwalimu wa hesabu, alishuka kutoka Kibosho
Jumamosi tatu mfululizo.
Ya kwanza hakumwita mbwa hata mara moja.
Alikaa kizingitini akimenya karanga,
na maganda akayatia mfukoni.
Ya tatu, Deni alimlalia kiatuni.

Nilipanda mwenyewe nikaone.
Nikatikisa ua, nikahesabu mapengo.
Nikamuuliza mkewe, bila mume kuwapo, kama anamtaka.
"Namtaka," alisema, "ila asiingie jikoni."
Jibu lenye masharti niliamini zaidi.

Nikampa kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari wa mifugo,
kipande cha kanga yangu ambacho sikukifua,
na karatasi ya daftari:
Anaogopa radi.
Sikio la kushoto usilishike.
Mifupa ya kuku hapana.
Akikushinda usimgawe. Nipigie, nije nimchukue,
hata kama sina pa kumweka.

Usiku wa kwanza simu: hajala.
Wa pili: amelala mlangoni, uso kwenye kanga.
Wa tatu sikupokea, niliogopa.
Wa nne: amekula. Halafu amekula kiatu.

Nilicheka hadi sindano ikanichoma.
Chini ya cherehani pamefagiliwa, pakavu,
nakanyaga pedali, sakafu haijibu.

Eliwaha alisema kiatu kilikuwa kikuukuu, nisijali.
Nikamtumia hivyo hivyo, elfu kumi na mbili.
"Za nini zote hizi?" akauliza.
Sikumwambia.