Vyumba Vinne

Juu ya Giara, mwezi Machi, jiwe jeusi limejaa maji
hadi kwenye magoti ya farasi.
Ni wafupi farasi hawa, macho yao mfano wa lozi.
Wanazamisha midomo, wanaibuka na maua meupe ya majini,
wanatafuna polepole, maji yakichuruzika kidevuni.

Rimedia Atzeni amevua viatu.
Miaka thelathini na mmoja aligawa barua bondeni,
akiujua kila mlango kwa mbwa wake.
Sasa jicho la kulia lina mtoto wa jicho,
"na la kushoto," asema, "ni mjamzito."
Ndiyo maana mimi nimepewa daftari na kioo cha kukuzia,
na kile kitabu cha kutambulia chenye maswali mawili mawili.

Jani ni bapa? Nenda ishirini na tisa.
Jani ni la mviringo? Nenda thelathini.
Nimekwenda thelathini. Nimerudi. Nimekwenda tena.
Mbele yangu kijani kitupu: nyasi iliyo nyasi,
nyasi iliyo kitunguu pori kichanga,
na moja, kitabu chasema, isiyo nyasi asilani,
jamaa wa mbali wa kangaga,
iliyokuwapo kabla dunia haijaona ua.
Ing'oe, chaamuru namba thelathini na mbili.
Chunguza kitako chake. Tafuta chembe.

Nikang'oa.
Ikatoka na tope na harufu ya sarafu kuukuu,
na kule chini, jani lilipotanuka kama ukucha,
chembe nyeupe, unga uliosagwa ovyo.
"Isoete!" nikapaza sauti, farasi mmoja akageuka.
"Ilikuwa," akasema Rimedia.

Akachuchumaa. Hakuuliza nimefika namba ngapi.
Akatumbukiza mkono hadi kiwiko,
akashika jani moja likiwa bado limesimama kwake,
akalivingirisha kati ya gumba na kidole cha shahada
kama mtu anayepima uzi kabla hajaulipia.
"Nyasi hubonyea mara moja. Kitunguu huteleza.
Hii ina vyumba vinne vya hewa,
na kila chumba hugoma kidogo. Gusa."

Nikagusa. Sikusikia kitu.
Baridi tu, na kidole changu mwenyewe.
"Mwaka wangu wa kwanza," akasema,
"nusu ya barua nilizipeleka kwa jirani."

Adhuhuri, ukingoni, maji yakiwa kina cha ukucha,
nikaona majani manne yamekaa msalaba.
Klova ya bahati, nikasema, na tayari nimeinama.
"Si klova. Wala bahati haimo.
Ni kangaga mwingine, kaazima nguo.
Usichume. Pitisha kiganja, ana manyoya."
Kweli alikuwa nayo, laini, kama sikio la paka.
Nilipokuwa naandika jina lake
daftari likaanguka majini, na asubuhi nzima
ikageuka wino wa bluu.

Julai nilipanda peke yangu.
Rimedia alikuwa Cagliari, anatolewa yule mtoto.
Dimbwi halikuwapo. Palikuwa na udongo uliopasuka,
kwato za farasi zimekauka kama bakuli,
miale ya jua ikipiga jiwe na kurudi usoni mwangu.
Nilipiga magoti, bila kioo, nikafumba macho,
nikapekua vumbi kwa vidole
mpaka nikapata kitu kigumu, kidogo, mfano wa pilipili manga.
Nikakivingirisha. Sikuwa na hakika.
Huenda ni kangaga yule, anasubiri mvua.
Huenda ni samadi ya sungura.

Nikakirudisha ufani, nikafunika.
Daftari jipya lina safu ya jina na safu ya idadi.
Kwenye jina niliandika: *muulize Rimedia*.
Ile nyingine niliiacha, nikateremka kabla jiwe halijachoma zaidi,
nikisugua gumba na shahada njia nzima.