Namba Ishirini na Saba

Saa mbili usiku, Kasapa, namtoa nondo kwenye barafu
angali na usingizi wa baridi.
Tone la gundi mgongoni, dogo kuliko punje ya ulezi,
namnasa kwenye ncha ya waya
unaozunguka juu ya sindano kama mkono wa saa.
Anaamka. Anapiga mabawa.
Anadhani anasafiri.

Mzunguko mmoja ni mita moja.
Mashine inahesabu, mimi naandika.
Umeme ukikatika nahesabu na kuandika.

Wako thelathini na wawili.
Nusu walilelewa kwa mahindi ya kawaida,
majani niliyoyakata mwenyewe nyuma ya maabara.
Nusu walitafuna ile protini,
kipimo cha kuumiza, si cha kuua.
Haina harufu, haina haraka.
Inashuka tumboni mwa kiwavi, inatafuta kufuli lake,
inalipata,
na ukuta wa utumbo unaanza kuvuja
kama bati la nyumba yetu Katuba mwezi wa kwanza.
Wengi huishia hapo.
Hawa walisusa kula, wakajikunja, wakangoja,
wakachelewa siku nne kujizika udongoni,
wakatoka wembamba, bawa fupi kwa unywele mmoja.

Swali la Profesa Kabwita halijazi mstari:
aliyeponea sumu utotoni, ukubwani anaruka mpaka wapi?

Maana wapandao mahindi ya namna hiyo
huacha kando mistari ya yale ya zamani,
ili wa huku na wa kule wakutane gizani
wachanganye damu, ugumu usije ukawa wa ukoo.
Lakini kama wa huku hafiki kule,
hiyo harusi ni ya karatasi tu.

Shangazi Musonda hana maabara.
Shamba lake liko barabara ya Likasi,
asubuhi hutia majivu kwenye koo la kila shina,
kidole kwa kidole, mpaka kucha zinakuwa za mzimu.
Aliniuliza wanatoka wapi.
Nikasema wengine hupita juu ya Kasumbalesa usiku.
Akacheka: *Bila foleni? Bila muhuri?*
Kisha akanyamaza, akahesabu magunia ambayo hayatakuwepo.

Saa sita. Namba kumi na tisa ananing'inia,
mguu mmoja tu unakumbuka hewa.
Namba saba, wa majani ya kawaida, ana mita elfu tano:
angekuwa nje angekuwa amelipita gereza
bila kumwamsha mlinzi hata mmoja.
Wa protini wanaanza kwa nguvu, wanasita,
wanaanza tena
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Grafu itapendeza. Profesa atafurahi.

Saa nane umeme ukakatika.

Nikawasha tochi ya simu, nikaizima, chaji ilikuwa ndogo.
Gizani nikawasikia: karibu wote kimya,
na mmoja,
kona ya dirisha,
mlio kama karatasi inayokunjwa pole pole na mtu mwenye subira.
Nikasogeza sikio. Ishirini na saba. Jike. Wa protini.
Hakuwa na mbio. Hakuwa na kituo pia.
Nikahesabu kwa vidole, kwa njiti za kiberiti,
mia moja njiti moja,
kiberiti kikaisha nikaingia kwenye maharagwe ya chakula changu.

Umeme ukarudi saa kumi na moja. Alikuwa bado anaenda.

Profesa atasema: mmoja si kundi.
Ni kweli. Atawekwa chini ya ukurasa,
herufi ndogo, nyota pembeni.
Nami nakumbuka kwamba shamba zima la Shangazi
huanza na mmoja, usiku mmoja, kwenye jani moja.

Kanuni ni kanuni, hakuna anayetoka hai.
Nilipoukata waya alishika kidole changu
akaendelea kupiga mabawa
kana kwamba mimi ndiye ninayezunguka.

Barafu. Mizani: miligramu themanini na tisa.
Tumbo limejaa mayai.

Kwenye safu ya maoni niliandika, penseli ikavunjika katikati:
*hakusimama, alisimamishwa.*